Tusione Haya Kutembezwa Katika Mji Wetu

Leo nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo linalonikera moyoni, na wahenga walisema dawa ya moto ni moto, basi nami maneno nitayajibu kwa maneno.

Katika mkutano wa mwisho wa Chama chetu cha Kiswahili, mwanachama mmoja alisimama akapendekeza kwamba mwaka ujao tusirudie ile ziara ya kutembea kwa miguu katikati ya jiji la Nairobi. Eti pesa hizo twende tukaogelee. "Sisi si watalii," alisema. "Nairobi ni kwetu. Kwani mtu hutembezwa kwao?" Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Kura itapigwa muhula ujao. Mimi sikucheka. Lakini nasema ukweli, kama mkutano huo ungefanywa kabla ya ziara, mimi ndiye ningepiga makofi kuliko wote.

Mimi nimezaliwa Nairobi, upande wa Eastlands, na shule yetu ni ya kutwa, kwa hiyo matatu nazijua kama viganja vyangu. Mjini nilikuwa najua mahali patatu tu: steji ya kushukia, duka la sare za shule, na mahali pa kununua chipsi. Nilipomwomba mama shilingi 300 za ziara, alizitoa katika mkebe wa pesa za mandazi, nyingi zikiwa sarafu. Akaniuliza, "Hiyo Nairobi unayoenda kuonyeshwa ni gani? Si ni hii hii tunayopitia kila siku?" Sikuwa na jibu. Nilizichukua pesa nikaondoka nikiona haya.

Tulianzia kwenye bustani ya ukumbusho iliyo kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Hapo ndipo bomu lililipuka tarehe 7 Agosti, 1998, likaua zaidi ya watu 200 katika jiji hili. Majina yao yameandikwa ukutani. Nimepita hapo nje labda mara mia moja nikikimbilia gari, na sikuwa nimesoma hata jina moja. Siku hiyo nilisoma mengi, na nilishangaa kuona kwamba ni majina kama yetu tu, ya kila kabila.

Kutoka hapo tulifuata Barabara ya Moi hadi kwenye sanamu ya Tom Mboya, iliyosimamishwa mwaka wa 2011. Mwelekezi wetu alitwambia kwamba Mboya alipigwa risasi kwenye barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai, 1969, wakati ambapo iliitwa Government Road. Kisha tukamwona Dedan Kimathi na bunduki yake, kwenye barabara yenye jina lake. Sanamu hiyo ilizinduliwa tarehe 18 Februari, 2007, miaka 50 kamili tangu aliponyongwa na wakoloni.

Wenzangu wa Kiswahili, sasa sikilizeni hapa. Katika Barabara ya Kenyatta kuna sanamu za watu watatu, zilizowekwa mwaka wa 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini yake pameandikwa maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili! Naam, Kiswahili chetu kimekaa pale karibu miaka mia moja, na sisi tunapita tukiangalia viatu vya madirishani. Wabebaji hao walikuwa wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi hicho likageuka katika vinywa vya watu likawa Kariokor. Kila asubuhi manamba hulia "Kariokor! Kariokor!" nami nilidhani ni jina tu, kama majina mengine.

Lakini kilichonigusa zaidi ni jengo la mwisho, la mawe, linaloitwa Kipande House. Lilijengwa mwaka wa 1913 na leo humo mna benki. Zamani Waafrika walisajiliwa hapo na kupewa kipande, yaani karatasi iliyotiwa katika kibati na kuvaliwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Humo mliandikwa jina la mtu, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Mwanamume Mwafrika aliyekutwa bila kipande alishtakiwa. Mwelekezi akatutazama sisi wavulana, akauliza, "Nani hapa ana miaka 16?" Tukainua mikono. Akasema, "Basi nyinyi mngekuwa nacho shingoni."

Kwa muda hakuna aliyesema neno. Nilijishika shingo bila kujua. Halafu nikakumbuka kwamba nyumbani mpaka leo watu wazima huita kitambulisho "kipande". "Usitoke usiku bila kipande," ndivyo husemwa. Neno tumelirithi, lakini kibati chenyewe tumekisahau.

Jioni nilimweleza mama. Aliacha kukanda unga, akaniambia kwamba baba ya babu yangu alikuwa nacho, na babu huko nyumbani mashambani alikiona alipokuwa mtoto. Mama hakuwahi kunisimulia kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Tulizungumza mpaka chakula kikachelewa. Zile shilingi 300 hazikutajwa tena.

Sasa basi, je, ziara yetu haikuwa na kasoro? La hasha! Kasoro zilikuwapo, na nyingi zilikuwa zetu wenyewe. Ndiyo maana naona badala ya kuifuta ziara, afadhali tujifunze kuitumia. Haya ndiyo maoni yangu.

Kwanza, tujitayarishe. Tulikwenda kama magunia ya viazi, kila mtu akingoja kupakuliwa. Kila mwanachama angesoma kidogo kitabu chake cha Historia na kuja na swali moja tu la kwake mwenyewe. Mtu mwenye swali hasinzii.

Pili, viatu. Msicheke. Mimi nilivaa viatu vipya vya kaka yangu ili nionekane mtu. Tulipofika kwenye jumba la Nyaraka za Taifa kidole kilikuwa kinawaka moto, na nilichosikia ni kidole tu. Ilinibidi niazime daftari la rafiki ili nijue kwamba jengo hilo lilikuwa benki zamani, na kwamba ndani mna vitu vya sanaa alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Vaeni viatu vilivyozoeana na miguu yenu, na mbebe maji.

Tatu, tukae karibu na mwelekezi. Jiji lina kelele na mwelekezi hana kipaza sauti. Wale waliobaki nyuma wakipatana bei ya miwani ya jua ndio hao hao wanaosema leo kwamba hawakuona kitu. Kweli hawakuona! Tena tusiwe kundi kubwa mno. Tulikuwa wanafunzi 32 kwa mwelekezi mmoja, na kila tukivuka barabara mkia ulikatika. Namwomba mwalimu mlezi mwaka ujao tugawanywe makundi mawili.

Nne, tuulize, na tena tuulize, "Umejuaje?" Kuuliza si ujinga wala si utovu wa adabu. Mimi nilimwuliza mwelekezi wale watu watatu wa sanamu walikuwa akina nani hasa, majina yao. Alinyamaza kidogo, akajibu, "Kijana, sijui, na sitakudanganya." Baada ya jibu hilo nilimwamini zaidi katika yale mengine aliyosema. Mwelekezi anayejua kila kitu ni wa kuogopwa.

Tano, ziara isiishie kwenye steji. Mtu akifika nyumbani amsimulie mzazi au babu au nyanya, kisha amwulize yeye anakumbuka nini. Mjini nilipata nusu ya hadithi, na nusu nyingine niliikuta jikoni kwetu.

Nakubali kwamba kuogelea ni kuzuri, hata mimi ningependa. Na pesa ni ngumu, sisi wa shule ya kutwa tunajua. Lakini tukumbuke kwamba hiki ni Chama cha Kiswahili. Ndani ya bwawa hatutakuta neno hata moja lenye hadithi kama Kariokor au kipande. Kama pesa ndiyo shida, tunaweza kuweka akiba ya shilingi kumi kumi kila juma tangu muhula wa kwanza, na wenzetu wasioweza tukawasaidia kutoka katika mfuko wa chama. Hapo mkebe wa mandazi wa mama yangu utapumzika, na wa mama zenu pia.

Yule mwenzetu aliuliza kama mtu hutembezwa kwao. Jibu langu ni hili: mtu aliyezaliwa katika nyumba bado huhitaji mkubwa wa kumwambia ni nani aliyeijenga na nani alifukuzwa mlangoni. Mgeni akitutembelea leo kutoka shamba na atuulize, "Wale watu watatu wa shaba ni akina nani?", tutamjibu nini? Tutamwonyesha mahali pa kununua chipsi?

Wanachama wenzangu, kura ni yenu. Yangu nimeshaitoa hapa mbele ya macho ya watu. Tembea uone, walisema wahenga, nami naongeza: ukitembea, simama usome. Kalamu naiweka chini. Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu