Grisi Mbaya, Mshahara wa Nani?

Ndugu wanachama,

Mimi ni fundi wa reli, na kitu kimoja nimejifunza katika kazi hii: gurudumu haliharibiki siku moja. Huanza kuharibika siku ile lilipotiwa grisi isiyo yake. Nasema haya kwa ajili ya mwenzetu mmoja wa hapa Kisumu. Yeye si mtu wa reli, lakini shida yake ni yetu sote.

Mwenzetu huyu ni dereva. Kazi yake ni kuvuta mashua ya tajiri wake juu ya trela na kuishusha ziwani. Juzi beringi iliungua njiani, gurudumu likachomoka, na mashua ikapasuka ubavu. Tajiri akasema, "Wewe hukutia grisi," na sasa anataka kumkata mshahara. Lakini grisi ilitiwa. Gurudumu la upande wa pili nililifungua mwenyewe, nikaiona grisi imekuwa nyeupe kama maziwa. Grisi ikiwa hivyo, jua maji yameingia.

Yaliingiaje? Trela ikienda mbio, kitovu cha gurudumu hupata moto na hewa iliyo ndani hutanuka. Ukiitumbukiza ziwani papo hapo, hewa ile hupoa na kunywea, nayo huvuta maji kupita kwenye sili. Basi grisi dhaifu huoshwa, kutu hushika chuma, na beringi husagika mpaka ikaungua.

Kwa hiyo grisi ya trela ya mashua lazima ishinde vitu viwili, moto wa barabara na maji ya ziwa. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, na sabuni si moja. Ya sodiamu huvumilia moto, lakini maji huiharibu. Ya kalsiamu ya mtindo wa zamani hukataa maji, lakini huyeyuka karibu na digrii 100 za Selsiasi. Ya lithiamu ya kawaida yafaa magari ya nchi kavu. Kwa kazi ya mashua chagua ya kalsiamu salfoneti, au ya lithiamu kompleksi iliyotengenezwa kwa kazi ya majini, uzito namba 2. Herufi GC kwenye kopo zaonyesha kuwa ni grisi ya beringi za magurudumu, lakini soma pia kama kopo lataja kazi ya majini. Rangi isikudanganye. Nyekundu au buluu ni rangi tu.

Mwenzetu aliomba grisi ya majini, akapewa kopo la kawaida lililobaki stoo. Aliomba kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayana shahidi.

Tajiri atasema grisi nzuri ni ghali. Namwuliza: bei ya kopo moja na bei ya kutengeneza mashua, ipi kubwa? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini tuseme kweli, hata sisi tuna makosa. Wengine hupaka grisi mpya juu ya ya zamani. Aina mbili zisizopatana zikichanganyika huweza kulainika na kumwagika. Osha beringi kwa mafuta ya taa, ikaushe kabisa, shindilia grisi mpaka ipenye kati ya rola, na utie sili mpya. Ukifika ziwani, ngoja kitovu kipoe kabla ya kushusha trela.

Sasa habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kutumia grisi uliyopewa na stoo si kosa la kusudi.

Maoni yangu ni haya. Kila fundi na kila dereva awe na daftari. Aandike tarehe, grisi aliyoomba na grisi aliyopewa, na karani wa stoo atie sahihi. Akikataa, mwite mjumbe wa chama siku ile ile, usingoje gurudumu lichomoke. Na tawi letu limsaidie mwenzetu huyu kabla mwezi haujaisha.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Reli, Kisumu