Barafu ya Bahari na Ngamia wa Kutulo

Ukimtajia barafu mfugaji wa Kutulo, huenda akadhani wamtajia kipande cha kutia katika maji ya kunywa. Neno si geni kwake: Msomali husema baraf, nasi twasema barafu, na asili yake ni Kiajemi. Lakini mimi nashikilia kuwa habari za barafu itandayo juu ya bahari, huko kaskazini ya dunia, zamhusu mfugaji huyo, ingawa kutoka Kutulo, mpakani mwa Wajir na Mandera, hata pwani iliyo karibu ni mbali sana.

Kwanza tuijue yenyewe. Maji matamu huganda kwenye digrii sifuri. Ya bahari, kwa sababu ya chumvi, hungoja mpaka baridi ishuke karibu digrii 1.8 chini ya sifuri. Huanza chembe nyembamba zielezo kama mafuta, zikashikana zikawa vipande vya mviringo mfano wa chapati, vikagongana na kuungana hata bahari ikafunikwa. Kila igandapo huitema chumvi yake kidogo kidogo, hata barafu ya miaka mingi ikiyeyushwa hunyweka. Wala haitulii: upepo na mkondo huisukuma, huipasua, na kuirundika ikawa vilima.

Wako watu waishio kwa barafu hiyo. Wainuiti wa Greenland na Kanada huifanya barabara yao, wakapita kuwinda sili na kutembeleana. Mwindaji huisoma kwa rangi na kwa mlio wake chini ya mguu, kama mfugaji wetu asomavyo mawingu. Siku hizi huchelewa kuganda na huwahi kuvunjika, na njia aliyoipita babu imekuwa ya hatari kwa mjukuu. Septemba 2012 barafu ya bahari ya kaskazini ilisalia kilomita za mraba milioni 3.4 tu, kiasi cha nusu ya ile iliyokuwa ikisalia miaka ya 1980.

Na Kutulo je? Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ilifuatana katika nchi hizo kame bila ya mvua ya kutosha, na nchini Kenya wakafa mifugo zaidi ya milioni 2. Kisha vuli ya 2023 ikaleta mafuriko Mandera, Wajir na Garissa. Sidai kwamba barafu ndiyo iliyoizuia mvua. Vuli yetu yategemea sana joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki: upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipoa, aghalabu vuli hukauka, ukizidi moto, hufurika. Lakini moshi wa makaa na mafuta, uliopasha dunia joto, ndio uyeyushao njia ya Mwinuiti, na ndio uliouzidisha ukame ule, kwa kuwa joto hunyonya unyevu wa ardhi na majani. Misiba ni miwili, baba yao mmoja. Na wote wawili, mwindaji na mfugaji, moshi huo si wao.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Sisi washairi wa pwani tumeisifu bahari kwa mawimbi, majahazi, kaskazi na kusi, lakini hatukumwambia mtu wa bara kame kwamba riziki yake nayo hutoka humo. Utabiri wa asilimia na ramani haumtoshi. Aelezwe kwa Kisomali, redioni, kwa majina ya misimu yake, Gu na Deyr, apate kujua auze ngamia yupi kabla hajakonda.

Na maneno peke yake hayanyweshi. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa kuwasaidia waliopata hasara kwa mabadiliko ya hali ya hewa. Mimi sitaupima kwa wingi wa mikutano yake. Nitaupima kwa visima na malambo ya Kutulo. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na lambo moja lililochimbwa vyema ni bahari kwa kundi zima la ngamia. Wenye moshi na wailipe bahari hiyo.