MAJI YA SHIMO LA MGODI: KUCHEMSHA HAKUTOSHI



Kiangazi kikikaza na visima vikikauka, mtu huona maji maangavu katika shimo la mgodi wa zamani, akasema: "Nitachota, tutayachemsha." Ngoja kwanza, ndugu.

Mawe mengi ya dhahabu na ya shaba yana chuma kilichoshikamana na salfa. Yakiwa chini ya ardhi hayana neno. Yakifunuliwa, hewa na mvua huyageuza: hutoka tindikali, na chuma huyeyuka majini, pengine pamoja na shaba au aseniki. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki chunguni.

Jambo hili si hadithi. Mei 2009, huko Tarime, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, ambao wanavijiji na mifugo yao waliutegemea.

Hata hivyo, si kila shimo ni baya. Penye mawe ya chokaa ya kutosha, ukali hupozwa wenyewe. Lakini jicho haliwezi kupambanua. Pelekeni habari ofisi ya RUWASA ya wilaya, maji yapimwe maabara.

Je, maji hayo husafishwaje? Kwanza hutiwa chokaa, kama ile ya kupaka kuta, kwa kipimo, ili kuua tindikali. Pili, huteremshwa kwenye ngazi za mawe yapate hewa. Ndipo chuma hugeuka kutu. Tatu, huachwa bwawani yatulie. Tope jekundu hutuama, nalo lazima liondolewe na kuwekwa mahali salama. Hewa bila chokaa hufanya kazi polepole mno. Na mawe ya chokaa yakitupwa shimoni tu, kutu huyafunika kama ganda, yasifae tena.

Zaidi ya hayo, mawe yaliyofunuliwa huweza kutoa tindikali miaka mingi baada ya wachimbaji kwenda zao. Basi, wazee wa vijiji vyenye migodi, msingoje mashine zifungwe. Ulizeni mapema, na jibu liandikwe: mwaka wa ishirini baada ya mgodi kufungwa, ni nani atakayenunua chokaa?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.