Dokta Greene hajanitoka moyoni

Makala yako kuhusu ER imenikumbusha mbali sana, ndugu mwandishi. Tamthilia hiyo ya hospitali ya Chicago ilirushwa na NBC kuanzia 1994 hadi 2009, lakini kwangu kilele chake ni ile sehemu ya mama mjamzito katika msimu wa kwanza. Dokta Greene, daktari wa chumba cha dharura, anadhani ni maambukizi ya kibofu tu, anamruhusu aende nyumbani. Kumbe ni kifafa cha mimba. Kuanzia hapo hupumui. Kamera inazunguka kitanda, manesi wanaitana, damu haikamatiki. Mtoto anaokolewa, mama anafariki. Halafu Greene anapanda treni, analia peke yake. Sikuwa nimewahi kuona tamthilia ikimwacha daktari ashindwe kiasi kile.

Na Benton, yule daktari wa upasuaji! Mkali, hana maneno mengi, lakini tazama alivyompika mwanafunzi wake Carter hadi akaiva. Sehemu za Kisangani, Kongo, nazo zilinigusa, maana hadithi ilitoka Chicago ikafika kwa watu wanaozungumza lugha yangu, ingawa ningependa wenyeji wapewe nafasi kubwa zaidi ya kusema. Kifo cha Greene kule Hawaii, mwaka 2002, sijakitazama mara ya pili. Siwezi.