Tukimaliza Viwanja, Watoto Watacheza Wapi?

Wachezaji wa ridhaa ni watu wa ajabu. Hujilipia nauli, hujinunulia chakula, husafiri kutwa nzima, kisha hurejea makwao bila kombe wala senti, na bado hucheka njia nzima. Mimi ni mmoja wao. Mwishoni mwa juma moja, kilabu chetu cha kriketi, chenye walimu, makarani na wanafunzi wa vyuo, kilifunga safari kutoka Nairobi hadi Kisii na Nyamira kucheza mechi mbili za kirafiki. Niliyoyaona huko ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu.

Wenyeji wetu walipanga ratiba kwa busara. Upande wa Kisii, ambako wengi wa wenyeji walikuwa Wakatoliki, tulicheza Jumamosi. Upande wa Nyamira tulicheza Jumapili, maana wenyeji walikuwa Waadventista Wasabato na Jumamosi walikuwa kanisani. Mechi zote mbili zilianza saa tatu asubuhi, kwani mvua ya milima ya Gusii ina mazoea ya kubisha hodi alasiri, na mvua haijui mchezo umefika ova ya ngapi.

Jumamosi tulishinda. Jumapili tulishindwa na vijana ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kushika gongo la kriketi kabla ya muhula huo. Baadaye tuliketi pamoja, tukala obokima na chinsaga, na walioshindwa wakawa ndio wacheshi zaidi. Huo ndio uzuri wa mechi ya kirafiki: hakuna mwamuzi anayetukanwa wala mwalimu mkuu anayehesabu vikombe kabatini.

Hata hivyo, uwanja wa Jumapili uliniachia simanzi. Katika pembe moja yalisimama madarasa mapya. Upande wa pili, mahindi ya jirani yalikuwa yameingia ndani ya mipaka ya shule. Ilitulazimu tutunge sheria yetu wenyewe: mpira ukigonga paa la darasa, mgongaji ametoka. Mara kadhaa mpira ulitokomea katika majani chai, na mchezo ukasimama wanafunzi wakiusaka. Tulicheka sana. Kisha mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa kando yangu akasema kwa upole, "Mwalimu, uwanja huu ulikuwa ukifika kwenye ile mikaratusi. Nilipokuwa mwanafunzi tulikimbia mita mia nne hapa. Leo hata mia moja hazitimii."

Kicheko kilinikatika. Nchi ya Gusii ndiyo iliyomzaa Nyantika Maiyoro, aliyeshika nafasi ya saba katika mbio za mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, Kenya iliposhiriki michezo hiyo kwa mara ya kwanza. Ndiyo iliyomzaa Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Je, Temu wa kesho atafanyia wapi mazoezi? Kati ya ukuta wa darasa na ua wa jirani?

Kriketi nayo ina funzo lake. Mwaka 1996 Kenya iliishangaza dunia ilipoiangusha West Indies kule Pune, India, kwa kuitimua timu nzima kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Sababu za anguko hilo ni nyingi, na sitazimaliza hapa. Lakini jambo moja ni dhahiri: mchezo uliotegemea viwanja vichache vya mijini haukuwa na mizizi mashambani. Mti usio na mizizi hauhitaji kimbunga ili uanguke.

Sisemi kwamba madarasa hayahitajiki. La hasha! Gusii ina watu wengi na ardhi finyu, na tangu mwaka 2023, wanafunzi wa sekondari msingi walipowekwa katika shule za msingi, walimu wakuu wamebanwa kwelikweli. Mwalimu mkuu aliyepewa fedha za madarasa na asipewe ardhi atafanyaje? Atatazama palipo wazi, na palipo wazi ni uwanjani. Simlaumu. Lakini mtaala huu huu wa umilisi umetenga mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari pevu. Tunamwahidi mtoto mkondo wa michezo huku tukimnyang'anya uwanja.

Hatari nyingine ni ya wanyakuzi. Hatujasahau Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipofyatuliwa vitoa machozi kwa kosa la kuutetea uwanja wao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika shule zetu, ukuta wenyewe ndio ufa.

Tufanyeje basi? Kwanza, kila shule ipimwe, mipaka yake iwekewe alama na hati miliki itolewe. Pili, panapohitajika madarasa zaidi, tujenge kwenda juu: ghorofa moja huokoa nusu ya uwanja. Tatu, walimu wenzangu, turudishe mechi za kirafiki kila muhula, baina ya shule na shule, na baina ya Kisii na Nyamira. Kaunti hizi mbili zimevutana kuhusu mji wa Keroka ulio mpakani. Vijana wake wangekutana hapo kwa gongo na mpira, si kwa maneno makali. Uwanja unaochezewa una watetezi. Uwanja ulionyamaza ndio humezwa mchana kweupe.

Nanyi wanafunzi, ulizeni uwanja wenu unaishia wapi. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Tumeahidi kurudi Nyamira kulipiza kisasi cha kirafiki. Naomba tuukute uwanja mahali pake.