Hasara ya Siri Wameandika, Sisi Tunaambiwa Tunyamaze

Leo tuongee hesabu za kampuni za ndege za vita, na usiniambie hazituhusu.

Tarehe 22 Julai 2025, Lockheed Martin, Wamarekani wanaounda F-35, walitoa hesabu za miezi mitatu. Mauzo dola bilioni 18.2. Faida? Milioni 342 tu, na mwaka uliotangulia, robo kama hiyo, walipata zaidi ya bilioni 1.6. Pesa zilienda wapi, walitaja wenyewe: hasara kwa miradi, zikiwemo helikopta za Kanada na za Uturuki. Na sasa shika kiti: milioni 950 zilipotelea kwa mradi mmoja wa ndege ambao ni siri. Jina la mradi hawakusema. Kazi yake hawakusema. Lakini hasara waliandika, mpaka msee wa Sigor mwenye bando ya mwisho mwisho anaisoma.

Si ati ni watu wapole. Sheria ya Marekani inawalazimisha kila robo mwaka, ndio wenye hisa wajue pesa yao imefanya nini.

Sasa mwenye hisa wa jeshi la Kenya ni nani? Ni wewe. Ukituma pesa kwa simu unakatwa ushuru. Ukinunua sabuni, ushuru uko ndani. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti, sawa, lakini ukifika Wizara ya Ulinzi unaona jumla kubwa kubwa. Nani ametuuzia nini? Bei gani? Inafanya kazi? Hapo unaambiwa "usalama wa taifa", na maneno yanaisha.

Hiyo blanketi tunaijua. Anglo Leasing ilijifunika nayo: kandarasi 18 za usalama, zingine na kampuni hewa. Na bado mwaka wa 2014 serikali ikalipa shilingi bilioni 1.4 kwa kesi zake. Siri hiyo haikutuficha kwa adui. Ilificha wezi.

Kuna mtu atasema Al-Shabaab pia wanasoma. Sawa, ficha kambi iko wapi. Ficha idadi ya risasi. Lakini bei na hasara hazimwonyeshi adui mahali pa kulenga. Kinachomsaidia adui ni kifaa kibovu kilichonunuliwa ghali, na anayepewa hicho kifaa ni kijana wetu aliyepanga foleni siku ya usajili wa KDF.

Kule juu kwenye chai, mama akipeleka majani anapimiwa na kupewa risiti ya kilo zake. Ndio maana bonasi ikija ndogo, wakulima wa Bomet na Kericho wanajua kupiga kelele: wana kitu mkononi cha kulinganisha. Sisi kwa pesa ya ulinzi tuna nini mkononi?

Kwa hivyo ombi langu kwa Bunge ni moja: kila miezi mitatu, ukurasa mmoja. Muuzaji, bei, kilichofika, kilichopotea. Yaliyo siri kabisa yaandikwe kama Lockheed: bila jina, lakini na hasara yake.

Na msituambie hatutaelewa. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu mpaka ukaondolewa. Ukurasa mmoja hautatushinda. Mbunge wako akija mazishi ama harambee wikendi hii, muulize.