Tamthilia Haikuishia Kidato cha Nne

Hebu tuulizane, komredi: tamthilia ya mwisho uliyoisoma ni ipi? Kama ulifanya KCSE kati ya 2018 na 2022, nitabahatisha: Kigogo ya Pauline Kea. Kama ni kuanzia 2023, basi ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Ulikariri wahusika, ukaeleza muktadha wa dondoo kwa alama nne, ukataja tamathali mbili, kisha kitabu ukampa mdogo wako. Tangu siku hiyo hujashika tamthilia nyingine.

Sikulaumu. Tulilelewa tukijua kwamba tamthilia ni mtihani. Lakini msimamo wangu ni huu: chuoni ndipo tamthilia mpya zinapofaa kusomwa, kuigizwa na kubishaniwa, na sisi tusipofanya hivyo hakuna atakayetufanyia. Mtunzi wa riwaya anaweza kungoja msomaji mmoja mmoja, hata miaka kumi. Mtunzi wa tamthilia hana subira hiyo. Anahitaji waigizaji, ukumbi, na watu watakaonyamaza kimya pale alipotarajia wacheke, ndipo ajue amekosea wapi. Asipowapata, kazi yake imefika nusu ya njia.

Angalia waliotutangulia. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wa Makerere The Black Hermit ilipoigizwa Kampala mwaka 1962, mwaka ambao Uganda ilipata uhuru. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alianza kuandika tamthilia akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kinjeketile ilipochapishwa mwaka 1969 alikuwa hajafika hata miaka 30. Leo tunawaita magwiji na kuwaandikia tasnifu. Wakati ule walikuwa vijana wa chuo kama wewe, wenye miswada mkononi. Tofauti ni kwamba kuna watu waliokubali kupanda jukwaani na maneno yao kabla hawajawa na jina.

Sasa uanze na ipi? Kwanza, rudia hizo hizo mbili za shule, safari hii bila kalamu nyekundu kichwani. Katika Kigogo, Sudi anakataa kuuchongea utawala wa Sagamoyo kinyago licha ya donge analoahidiwa, na nyumbani watoto wana njaa. Kidato cha Nne ulijibu kwamba Sudi ni "mwenye msimamo thabiti", ukapata alama yako. Lakini sasa una kura, unatafuta kazi, na kila uchaguzi wa chama kuna mtu anayekuja hosteli na bahasha. Mwulize Sudi swali lile tena uone kama jibu litakuwa jepesi. Bembea ya Maisha nayo isome kwa sauti na mwenzako wa chumbani, hasa pale Neema anapobeba gharama ya matibabu ya mamake, Sara, na mumewe Bunju ana hesabu zake. Nani kati yetu hajatumiwa ujumbe wa mchango wa hospitali siku ambayo salio la M-Pesa ni la chakula cha jioni?

Pili, watafute Too Early for Birds. Abu Sense na Ngartia walianzisha maonyesho haya Nairobi mwaka 2017, wakichukua visa vya historia ya Kenya ambavyo shuleni vilipitwa mbio na kuvisimulia jukwaani kama stori za mtaani. Mwaka uliofuata ikaja Brazen, iliyoandikwa na Aleya Kassam, Anne Moraa na Laura Ekumbo, ambayo iliwaweka mbele wanawake wa historia hiyo. Anayesema tamthilia ni kitu cha kizamani hajaona vijana wakijaza ukumbi kusikiliza historia.

Tatu, vuka mpaka. Silent Voices ya Judith Adong, iliyoigizwa Kampala mwaka 2012, inatokana na mazungumzo na watu walioumizwa na vita vya kaskazini mwa Uganda. Inauliza swali zito: ni nani mwenye haki ya kutangaza msamaha kwa niaba ya aliyeumizwa? Hapa Kenya, baada ya yale ya 2007 na 2008, swali hilo si la jirani peke yake.

Nne, na huyu ndiye ninayempigania zaidi, ni mtunzi unayepishana naye kwenye foleni ya mesi. Namfahamu mmoja, mwaka wa tatu. Ameandika mchezo wa dakika arobaini kuhusu wanafunzi wanne katika chumba cha wawili, mmoja wao akilala kwa siri chini ya dirisha kwa sababu mkopo wake umechelewa na hosteli imejaa. Uliigizwa mara mbili katika ukumbi wa mihadhara, watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Leo mswada wote uko ndani ya simu yake, simu yenye kioo kilichopasuka. Ikiibwa kwenye matatu, mchezo umekwenda.

Kuna watakaosema kazi nyingi za chipukizi ni mbichi. Ni kweli. Nimeona michezo ambayo kila mhusika anaongea kama afisa wa shirika aliyekuja kutoa semina, na mwishoni wote wanashikana mikono kuahidi kubadilika. Lakini ubichi huo hauishi kwa mtunzi kujifungia chumbani. Unaisha pale mwigizaji anapomwambia, "Ndugu yangu, hii sentensi haitamkiki." Tukisubiri waive ndipo tuwatazame, wataivia wapi?

Wengine watasema huu ni mchezo tu, tuna mambo ya maana. Hao wakumbuke Aprili 2025, Nakuru. Wasichana wa Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa na Echoes of War ya Cleophas Malala, Mahakama Kuu ikiwa imeagiza waruhusiwe kushiriki. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na nje polisi wakawarushia watu vitoa machozi. Malala si chipukizi, amewahi kuwa seneta, lakini waliosimama pale ni watoto wa shule. Kitu kisicho na maana hakitumiwi polisi.

Na pesa? Kusoma tamthilia kwa sauti hakuhitaji mapazia wala taa. Ni viti sita, nakala sita, na saa mbili. Chama chetu kinachopata hela za kukodi DJ wa kuwakaribisha wanafunzi wapya hakiwezi kukosa hela za nakala sita. Napendekeza jioni moja kila muhula, mtunzi mmoja wa hapa chuoni, na jarida hili lichapishe onyesho moja la mchezo wake, ili angalau kurasa chache zibaki zikisomeka simu ikipotea.

Lako wewe ni dogo zaidi. Unapopenda kitabu cha mtunzi mpya, kinunue, au mchange wanne mnunue kimoja. Acha kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, "Nani ana PDF?" Mtunzi wa Kiswahili anayeuza nakala chache huwa hana posho nyingine ya kumfanya aandike ya pili. Na mwenzako akikualika kwenye mchezo wake Alhamisi jioni, nenda, keti mbele, kisha mwambie ukweli.